Sekunde Sita Juu ya Kondoo

Casper, 7 Julai 1986

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo umekuacha ulale. Sisi huku hatujambo, ukimtoa Royce, ambaye mkono wake umefungwa hogo la plasta kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaanza kukohoa kila ninapolikaribia jambo lenyewe.

Nilikuja kwenye rodeo, mashindano yenu ya kupanda mafahali, kwa moyo mweupe. Saa nne barabarani na joto lile, Dinah akatapika mara mbili, Royce akarusha buti lake moja dirishani ili aone litaangukia wapi. Vyote nilivivumilia. Ilikuwa Julai Nne, Sikukuu ya Uhuru, na watoto walikuwa wakiimba njia nzima kwamba babu yao ndiye anayewafungulia mafahali geti. Nikakuachia Royce, nikampeleka Dinah chooni. Foleni ilikuwa ndefu mpaka uzio wa farasi. Nikiwa nimeshika chupi ya mtoto mkononi nikasikia kipaza sauti: "Na sasa, kutoka Casper, mjukuu wa Orrin Tolliver, miaka mitano tu!"

Kumpandisha mtoto juu ya kondoo si kosa. Mimi nilipanda, Merle mume wangu alipanda. Mtoto anashika manyoya, anaanguka, analia, anapewa utepe, kwisha. Lakini wewe ulimfunga kondoo kamba ya fahali, Baba. Ukaipaka utomvu wa msonobari ishike, ukauzungushia mkono wa mtoto mara mbili. Alipoanguka, mkono haukutoka. Kondoo akamburuta nusu uwanja, na watu wakadhani ni kichekesho, wakashangilia.

Sitaki mengi. Niandikie neno moja tu: nimekosa.

Binti yako,
Twila


Dry Fork, 19 Julai 1986

Mwanangu Twila,

Marahaba. Mimi sijambo, na mgongo ni ule ule. Msalimie Merle na watoto.

Mvua ilinyesha Jumanne, si haba. Ng'ombe yule mwenye doa amezaa mapacha, na wote wanasimama. Trekta limekorofisha tena.

Kuhusu Royce, usijitie presha. Mfupa wa mtoto huunga upesi. Lakini mbona hujataja kwamba alikaa sekunde sita? Sita, Twila! Wale wengine hakuna aliyefika nne. Mtangazaji mwenyewe alinifuata akaniuliza, "Orrin, dogo huyu umemlisha nini?" Kamba niliyomfunga ndiyo niliyojifunga mimi miaka ishirini. Ulitaka nimfundishe ipi nyingine? Samaki mkunje angali mbichi.

Septemba tunawashusha ng'ombe kutoka milimani. Walete watoto. Nimemtafutia Royce farasi mpole.

Baba yako


Casper, 26 Julai 1986

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo Mama, Mungu amrehemu, alivyonilea. Sisi ni wazima kiasi chetu.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikilitafuta neno langu, hata nyuma ya bahasha nimetazama. Nimekuta mvua, mapacha, trekta na sekunde sita. Na samaki. Samaki wako ulimkunja mpaka akavunjika, Baba.

Wajua kwa nini alikaa sekunde sita? Kwa sababu alikuwa amefungwa! Hata gunia la shayiri ukilifunga hivyo litakaa sekunde sita.

Na hili ndilo linaloniwasha zaidi. Ulimwambia mwanamume halii mpaka atoke uwanjani. Basi hakulia. Alitoka kimya, midomo mikavu, ndiyo maana yule daktari wa uwanjani alidhani ameteguka tu, tukapoteza saa mbili. Sasa mtoto ananiuliza kama Babu amemkasirikia kwa kuanguka vibaya.

Mpaka neno hilo lifike, watoto hawaji huko. Septemba hawaji, Krismasi hawaji. Merle anasema nimezidisha, kwa hiyo na yeye sisemi naye.

Binti yako,
Twila


Casper, 14 Septemba 1986

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Wiki saba sasa sina hata mstari. Najua u mzima, maana mama wa posta ameniambia barua zangu unazichukua, unazitia mfuko wa shati na kuondoka.

Hogo limetolewa. Vidole viwili havijakunjika sawasawa, na anakula kwa mkono wa kushoto. Kila asubuhi anafinyanga unga wa mkate kama mazoezi. Dinah anamcheka, naye anamtupia matonge ya unga. Hiyo ndiyo nyumba yangu siku hizi.

Wewe ukikosa hunena kwa vitu. Nilipokuwa na miaka kumi na sita uliuza farasi wangu bila kunishauri, kisha ukaninunulia tandiko. Tandiko, Baba, na farasi hayupo! Safari hii usilete farasi mpole, usilete kofia, usilete kitu. Leta neno. Nimechoka kusubiri, na nimechoka zaidi kwa kuwa bado nasubiri.

Twila


Dry Fork, 3 Oktoba 1986

Kwa Royce. Mama yako atakusomea. Twila, isome kama ilivyo, usiongeze lako.

Mjukuu wangu, hujambo? Mkono unaendeleaje? Mimi sijambo, na farasi hawajambo.

Nina jambo la kukuambia, nami si hodari wa mambo haya, kwa hiyo usinikatize. Nilikosa. Wewe hukuanguka vibaya. Ulianguka vizuri, kama aangukavyo mtu mwenye akili, mimi ndiye niliyekuzuia. Mtu akipanda mnyama lazima abakiwe na njia ya kushuka. Nami njia yako niliifunga kwa kamba, kwa sababu nilitaka uwanja mzima uone wangu anakaa kuliko wao. Ilikuwa sifa yangu, na maumivu yakawa yako.

Nilipokuona unaburutwa nilikimbia, ila miguu yangu ni mizee. Yule kijana anayekamata wanyama kwa kamba alikufikia kabla yangu. Kazi ya geti nimeiacha, sina mkono wa kulifungua tena.

Na lile nililokuambia juu ya kulia, lisahau. Mimi nililia ndani ya trela la farasi, na farasi hawakunicheka.

Ukinisamehe au usiponisamehe, ni haki yako. Nijibu mwenyewe, asikujibie mtu.

Babu yako,
Orrin

Twila: neno nimempa mwenye mkono. Wewe uliniandikia maneno makali, na bado yananiuma.


Casper, 12 Oktoba 1986

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi hatujambo sana.

Nilimsomea mezani, akiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Sikuongeza langu. Alinirudisha mwanzo mara nne. Kisha akauliza, "Babu alilia kweli?" Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa. "Farasi wote walimwona?" Wote, nikasema. Akafikiri, akasema, "Basi aje."

Jibu lake liko nyuma ya karatasi hii. Ameliandika kwa mkono wa kulia, ndiyo maana herufi zinateremka. Imemchukua asubuhi nzima na hakutaka nimshikie penseli.

Sasa langu. Nilipomaliza kusoma nilikwenda kwenye chumba cha kufulia, nikafunga mlango, nikalia. Nusu ilikuwa furaha. Nusu nyingine ilikuwa wivu, Baba, wivu kwa mtoto wangu mwenyewe, na naona aibu kuuandika. Royce amelipata neno lile kwa miezi mitatu. Mimi nina miaka thelathini na moja.

Njoo Sikukuu ya Shukrani. Uje na nyama, maana bata mzinga wa Merle hutafunwa mpaka Jumatatu. Maneno yangu makali siyarudishi, na hasira yangu haijaisha. Tutakaa meza moja hivyo hivyo, nikupakulie, nawe ukohoe.

Binti yako, ambaye naye anasubiri,
Twila