Koti la Karani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba, maana najua ya kwanza utaipokea ukiwa umekunja uso. Natumai barua hii itakukuta mzima, mgongo umepungua kuuma, na cherehani haijaanza tena ule ugonjwa wake wa kukata uzi. Shemeji hajambo? Na wapwa zangu? Mwambie yule wa mwisho kwamba mjomba wake bado ndiye mwanamume mtanashati kuliko wote katika ukoo huu, asijisumbue kushindana.

Sisi huku hatujambo. Kwangu mimi, kusema sijambo tu ni kujipunja. Dada, tumezaliwa wawili, wewe ukachukua akili na mikono, mimi nikachukua bahati yote, wala sioni haya. Unajua Baba anavyosahau. Jina lako limemtoka. La marehemu Mama linakuja na kukatika kama umeme wa mtaa huu. Hata lake mwenyewe juzi alimwuliza kinyozi. Lakini langu limemganda mdomoni. Kila asubuhi, kabla sijafunga vifungo vya shati, nasikia naitwa. Nimefua mashuka ya hoteli katika miji mitano, nimepiga pasi suruali za watu wasiobeba hata mkoba wao wenyewe, na sijawahi kujiona mkubwa kama ninapoitwa na yule mzee.

Barua yako nimeipata. Umeuliza tena lile swali la kwenye simu, kama pamba uliyoshindilia kwenye koti la Karani ilikuwa chache. Unasema tangu mbwa yule afe hujashona koti la mtu yeyote, hata la mteja, na kwamba kila ukishika pamba mkono unakufa ganzi. Nitakujibu. Ila wewe unanijua, mimi hata kuingia nyumbani huanza kwa kuzunguka nyuma. Na nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikisikia sauti yako nageuka mchekeshaji.

Wewe ulikwenda kuolewa Karani akiwa bado mdogo, hukuona alivyofanya kazi mwaka huu wa mwisho. Sisi tulizoea kucheka jina lake, jinsi Baba, tarishi aliyeamrishwa na makarani miaka thelathini, alivyoamua kufuga karani wake ili naye apate wa kumwamrisha. Basi mwishoni karani akawa bosi. Kila asubuhi Baba alivaa viatu, akachukua bahasha yake tupu, akasema amechelewa kuipeleka ofisini. Nilimzuia mara mbili, mara zote akalia. Bawabu wa pale ofisini kwake kwa zamani, Mungu amzidishie, akanishauri nimwache aje, yeye ataipokea. Kweli akawa anaipokea kwa mikono miwili, anasaini juu ya kiganja chake, anamrudishia na kumwambia kuna majibu ya kupeleka nyumbani. Baba anapumzika kwenye benchi la nje, kisha wanarudi. Aliyeshika kamba ni Baba, aliyejua njia ni Karani. Penye njia panda mzee alikuwa anasimama kama mtu aliyesahau wimbo katikati, na mbwa anamvuta polepole mkono wa kushoto. Mimi nikaenda kazini kwangu bila wasiwasi.

Ndipo ikaja baridi hii. Asubuhi maji ya ndoo yanafanya utando wa barafu. Karani alikuwa na miaka kumi na mitatu, manyoya mafupi kama brashi iliyochakaa, mbavu unazihesabu. Akaanza kutetemeka mlangoni hata kabla ya kutoka, lakini Baba bila yeye hatoki, na Baba asipotoka nyumba haikaliki. Nikakuandikia, nawe ukafungua lile koti la Mama la kushindiliwa pamba, ukalikata, ukatutumia koti la mbwa. Siku tulipofungua kifurushi Baba alilishika, akalinusa kwenye ukosi, akauliza mwenye koti amekwenda wapi na mvua hii. Hapakuwa na mvua. Nikamwambia yuko njiani.

Mtaa ulicheka, usiombe. Kinyozi alisema ameishi kuona mengi ila mbwa mwenye vifungo hajawahi, na akauliza kama tai inakuja kwa kifurushi cha pili. Mama muuza mitumba alinilaumu kabisa, ati watoto wa watu wanapita na sweta zimetoboka viwiko, mimi namvisha mnyama aliyepewa koti na Muumba wake. Nikamjibu kwamba Muumba alimpa pia yeye nywele, mbona kichwani ana kofia mbili. Akanicheka hadi akaninyima chenji. Lakini neno lake lilinikaa, nikampeleka Karani kwa daktari wa mifugo ili nirudi na ushahidi.

Daktari yule ni mwanamke mfupi asiyependa mzaha. Alimpapasa Karani, akasema mbwa kijana mwenye manyoya mazito hahitaji koti, litamchosha tu, lakini mzee mwembamba kama huyu anahitaji, na aliyelishona anajua kazi. Hayo ni maneno yake, dada, tafadhali yasome mara mbili. Akasema lifunike kifua na tumbo, lisibane makwapani. Halafu akaongeza kwamba nihakikishe ni kavu siku zote, maana koti lenye unyevu ni baya kuliko kukosa koti, linanyonya joto la mnyama hadi liishe. Mimi nikacheka. Nikamwambia anamfundisha dobi habari za maji? Nikamtajia hoteli zangu zote tano. Alinisubiri nimalize, akarudia neno lile lile: kavu, hadi ndani.

Wiki tatu walikwenda na kurudi. Karani aliacha kutetemeka. Alitembea kifua mbele, na kinyozi alikuwa anainuka kumpisha na kumwita mheshimiwa. Mama wa mitumba naye, yule yule, alikuja kuuliza kama dada yangu anaweza kumshonea paka.

Sasa nimefika mlangoni, dada. Kwenye simu nilikuambia Karani amekufa kwa uzee, na ulipouliza koti lilikuwaje nikasema lilimpa joto mpaka mwisho. La uzee ni nusu. Lile la pili nilikudanganya.

Siku moja walirudi koti limejaa tope. Daktari wala jirani asingelijali tope lile. Lakini mimi ni dobi, na mbwa wa dobi kupita mtaani mchafu niliona ni kunitangaza vibaya. Nikalifua jioni, nikalianika ndani. Asubuhi bado lilikuwa zito. Mtu mwingine angelitundika tena akamfunga mbwa blanketi la zamani. Mimi nikaenda nalo kazini alfajiri, nikalilaza kwenye mashine ya pasi ya mvuke, nikalikandamiza pande zote mbili hadi kitambaa kikakauka kikawa kigumu kama bahasha, na moto wake ukanipa kiburi. Nikarudi nalo mbio chini ya shati. Nikamvalisha likiwa bado la moto. Karani alilifurahia, alinilamba kidole gumba. Nilimwambia Baba atazame, mhudumu wake leo kapendeza kuliko mabosi wote.

Pamba ilikuwa mbichi katikati. Pasi hukausha uso, dada. Kila dobi anajua kwamba godoro na mto na kitu chochote cha kushindiliwa hakikaushwi kwa pasi, mimi mwenyewe nimewafokea wanagenzi kwa kosa hilo hilo. Siku ile upepo ulikuwa unakata, na Baba, sijui kwa nini, alikaa kwenye benchi hadi adhuhuri. Bawabu ananiambia alimsihi aingie ndani, Baba akakataa kwa kuwa mbwa haruhusiwi. Karani angeweza kumwacha akaja nyumbani peke yake. Hakumwacha. Alimleta njia nzima, akavuka njia panda, akafika kizingitini, akalala pale pale. Nilipofungua vifungo mkono wangu ulilowa. Ndani lilikuwa baridi kama nyama ya buchani.

Alikohoa siku nne. Daktari alikuja, akamchoma sindano, akalichukua koti kwenye kiti na kulibonyeza kwa vidole viwili. Tone la maji likatoka. Akaniwekea koti mikononi, akafunga mkoba wake. Laiti angenitukana. Siku ya tano asubuhi Karani alijaribu kuinuka Baba alipochukua bahasha, miguu ya nyuma ikakataa.

Kwa hiyo pamba yako haikuwa chache. Ilikuwa nyingi na nzuri, ndiyo maana ilishika maji vile. Mbwa hakuuawa na mkono wako, ila usingizi wako umeuawa na uongo wangu, kwa sababu ulinipa nafasi mara mbili ya kusema na mara mbili nikakuacha ujilaumu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami wangu nilikutwika wewe huku napiga miluzi. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitukane, lakini keti kwenye cherehani yako ushone. Baridi ni kweli, na watu wako wanangoja makoti.

Msalimie shemeji sana, wabusu wapwa zangu, mwambie jirani yako mwenye kicheko kikubwa kwamba sijaoa bado. Bawabu anakusalimu. Koti nimelifumua, nikaitandaza pamba juani siku tatu, nitakutumia kitambaa kwa sababu ni cha Mama na si haki yangu kukaa nacho.

Na lile la Baba kukumbuka jina langu, nililojisifia hapo mwanzo, ni uongo. Hajalitamka tangu mwaka jana. Kila asubuhi anaita Karani, na mimi ndiye ninayeitika.

Mdogo wako,
Dobi