Jina la Mtu wa Kuulizwa

Mutarule, 7 Februari 1954

Mujomba Libérat,

Barua hii ikufikie ukiwa na nguvu, weye na mama Pétronille na watoto wote sita. Huku sisi tuko wazima. Mama iko na maumivu ya goti, lakini kulima hajaacha. Mvua imekuwa nyingi na Ruzizi imekula upande mmoja wa shamba letu la mihogo.

Mujomba, nakuandikia kwa sababu minye nimeshindwa. Toka mwezi wa tisa nilipofukuzwa kwenye usine ya kuchambua pamba, nimeandika barua kumi na tisa za kutafuta kazi ya ufundi. Nimeandikia magaraji ya Bukavu, ya Uvira, ya kwenu Usumbura. Nimeandikia hata wenye maboti kule Albertville. Hakuna aliyejibu. Hata kuniambia hapana, hakuna. Kila Ijumaa natembea mpaka posta, na karani ananiambia "Bado, Damien" kabla sijamusalimia.

Weye una miaka kumi na saba unafungua barua za wazungu kwenye biro ya bwana wako. Unajua zile wanazosoma na zile wanazotupa. Nimekuwekea humu nakala ya barua yangu moja. Niambie kosa liko wapi. Usinionee huruma.

Ni minye mupwa wako,
Damien


Usumbura, 21 Februari 1954

Mupwa wangu Damien,

Nilifurahi kuuona mwandiko wako. Hapa nyumbani hatujambo. Anne mdogo alishikwa na surua, sasa amepona na ameanza tena kutusumbua sote. Mwambie dada yangu asikae na miguu kwenye matope na goti lile.

Umesema nisikuonee huruma. Haya. Barua yako ni mbaya.

Nikuambie mambo yanavyokwenda kwetu. Saa mbili asubuhi naweka barua mbele ya bwana. Anazisoma amesimama, kofia bado iko kichwani. Macho yanapita juu, yanapita chini, basi. Barua yako ina kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza wote unamsalimu na kumwita baba wa maskini. Wa pili unaeleza kifo cha baba yako. Kazi unayoitaka umeitaja kwenye ukurasa wa tatu, karibu na sahihi. Hakuna bwana aliyewahi kufika huko, Damien. Nimefika mimi tu, kwa kuwa mama yako ni dada yangu.

Sasa sikiliza. Usiandike "Kwa Bwana Mkubwa". Waulize madereva jina lake, na uliandike bila kosa. Mstari wa kwanza useme unataka kazi gani. Baada ya hapo taja kitu kimoja ulichofanya kwa mikono yako, kimoja tu: ile mashini ya mazuti, ya dizeli, uliyoifungua yote na kuifunga tena kwa siku mbili, fundi mzungu alipokuwa safarini. Nusu ukurasa inatosha. Anwani yako iandike ndani, juu, kwa sababu bahasha huwa nazitupa mimi mwenyewe.

Na mwisho, weka jina la mtu wa kuulizwa. Hilo ndilo kubwa kuliko yote. Mzungu hakujui, lakini mzungu mwenzake anamjua au anaweza kumpigia simu. Andika kwamba Bwana Lambrechts wa usine ya pamba ulimfanyia kazi miaka minne. Najua mliachana vibaya. Liandike tu.

Mjomba wako anayekupenda,
Libérat


Mutarule, 25 Aprili 1954

Mujomba wangu,

Pasaka imetupita salama, tunatumaini na ninyi vilevile. Mama anashukuru kwa kitambaa. Goti limepoa.

Habari yangu ni hii: nimejibiwa! Niliandika barua nane kama ulivyonifundisha, na watano wamejibu. Watano, mujomba! Karani wa posta aliniita tangu barabarani. Wote wanasema karibu neno moja, kwamba wamepokea barua yangu, kazi inaweza kupatikana, wanauliza kwanza. Hata bwana wako amejibu, na sahihi ni ya kwake lakini hati ni ya mashini yako ya kuandika, nimeitambua. Mama ameziweka barua zote tano ndani ya kitabu cha nyimbo. Majirani wanakuja kuziona. Wananiita muntu wa majibu.

Lile jina la Lambrechts niliogopa kuliandika, na sababu sijakuambia yote. Unajua Protais, mume wa Generose, alikufa kwenye mashini mwaka jana. Mukanda ulimukamata mukono. Mukanda ule ulikuwa na bati la kuufunika, na Bwana Lambrechts alitutuma, minye na Protais, tulitoe, kwa sababu kila mara tulipolifungua ili kusafisha tulipoteza saa nzima. Minye ndiye niliyelegeza vis zilizolishika bati, kwa neno lake. Siku tatu baadaye Protais alikufa. Bwana wa teritwari, mukubwa wa serikali, alipokuja kuuliza, nilimuambia ni nani aliyetutuma. Juma lile lile nikafukuzwa.

Lakini umesema niandike, nimeandika. Labda hasira yake imekwisha.

Ni minye mupwa wako mwenye furaha,
Damien


Mutarule, 12 Juni 1954

Mujomba Libérat,

Nakusalimu na nyumba yako yote. Sisi wazima, isipokuwa homa kidogo.

Wanne kati ya wale watano wameandika tena. Wote wanasema kazi imekwisha kupata muntu. Lakini Norbert, dereva, amepita garaji moja ya Bukavu juma lililopita, na anasema bado wanatafuta fundi. Sielewi. Imebaki biro yenu tu. Mujomba, unaona nini kwenye meza ya bwana wako?

Mupwa wako,
Damien


Usumbura, 30 Juni 1954

Mupwa wangu,

Natumaini homa imewaacha. Hapa tunaendelea.

Nimeanza barua hii mara tatu. Barua yako niliiweka juu ya zote, siku bwana alipokuwa na moyo mzuri. Aliipenda. Alisema, "Huyu anajua anachotaka." Akanipa kazi ya kumwandikia Lambrechts kumuuliza. Niliiandika mwenyewe kwa furaha.

Jibu lilikuja tarehe 8. Mimi ndiye ninayefungua barua. Lilisema hivi: "Habonimana ana mikono mizuri, lakini ni mwongo na mchochezi. Kwa uzembe wake mtu alikufa kwenye mashini yangu. Amekwisha kutoa jina langu kwa ofisi tano, na kila moja nimeipa jibu hili hili."

Niliificha kwenye mtoto wa meza siku mbili. Damien, ningeweza kuichoma. Bwana angesahau, au ningesema posta imepoteza. Siku ya tatu aliniuliza, "Lambrechts bado?" Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nilimpa. Nina watoto sita na nyumba tunayolala ni ya kazi. Sikuambii ili unisamehe.

Na ni mimi niliyekufundisha kuandika jina lile. Barua zako za zamani hazikusomwa na mtu, basi hazikukudhuru. Hizi nzuri ndizo zilizowafanya waulize.

Nimefikiri sana. Nenda ukamwone Lambrechts mwenyewe. Mtu anayeweza kuandika barua kama ile anaweza kuandika nyingine. Lazima kuna kitu anachotaka.

Mjomba wako,
Libérat


Mutarule, 3 Oktoba 1954

Mujomba,

Nilipata barua zako mbili za mwezi wa nane na wa tisa. Nilikuwa mzima. Sikujibu kwa sababu sikuwa na la kusema. Mama hajambo.

Nilikwenda. Aliniacha nimesimama jua lote mpaka mashini zikanyamaza. Halafu akaniita ndani, na karatasi ilikuwa tayari mezani, kama vile alijua nitakuja. Ilisema kwamba Protais alilitoa bati peke yake bila kutumwa, na kwamba minye, Damien Habonimana, nilikuwepo nikaona, na maneno ya kwanza niliyosema teritwari niliyasema kwa hasira.

Nilimuambia, "Bwana, mimi ndiye niliyelegeza vis."

Akasema, "Vizuri. Basi tuandike kwamba ni weye?"

Nilitia sahihi. Juma mbili baadaye atelie moja ya mafundi niliyoiombea kazi kule Kalundu, kwenye bandari ya Uvira, wakaniandikia. Nitaanza Desemba. Unaona, sasa wakimuuliza anasema vizuri.

Mama amefurahi mpaka amelia. Sikumuambia.

Lakini si kwa hayo ninakuandikia. Juma tatu zilizopita Generose alikuja nyumbani na mutoto mgongoni. Wamemutoa kwenye nyumba ya kambi ya usine, na haki ya mume wake wamemunyima. Wamemuambia Protais alijiua mwenyewe kwa ujinga, iko karatasi inayosema hivyo. Hawakumuambia ni ya nani.

Alikaa chini, akasema, "Damien, watu wanasema weye ukiandika wazungu wanajibu. Niandikie kwa bwana wa teritwari. Sema mume wangu alitumwa. Weye ulikuwepo."

Nilitaka kusema sina wino. Wino ulikuwa mezani.

Mujomba, niliandika. Niliandika kurasa nne. Nilimusalimu bwana wa teritwari na mke wake na watoto wake. Nilimuita baba wa wajane na nuru ya inchi. Nilieleza Protais alizaliwa wapi, na ubatizo wake, na ng'ombe za baba yake kule Rurambo. Bati nililitaja chini kabisa ya ukurasa wa nne, kwa mwandiko mudogo. Sikuandika jina la muntu wa kuulizwa. Anwani niliiweka nyuma ya bahasha.

Nilimusomea yote. Alilia. Alisema hajawahi kusikia barua nzuri kama ile. Akaniachia kuku, nikashindwa kumurudishia.

Sasa kila Ijumaa anakwenda posta.

Mupwa wako,
Damien


Usumbura, 24 Oktoba 1954

Mupwa wangu Damien,

Nakutakia afya, wewe na dada yangu.

Barua yako niliisoma biroini, nikaikunja, nikaikunjua tena. Chakula cha mchana sikukigusa. Pétronille aliniuliza nani amekufa.

Sina haki ya kukuhukumu. Mimi ndiye niliyekuambia uende kwa mtu yule, na kabla ya hapo mkono wangu ulikwisha kutoa karatasi ambayo ingeweza kubaki kwenye mtoto wa meza. Lakini kuna jambo nimelifanya, na nataka ulijue kwangu kabla hujalijua kwa wengine.

Jumamosi jioni wenzangu walipoondoka, nilikaa kwenye mashini ya kuandika. Nusu ukurasa. Jina la bwana wa teritwari nalijua. Mstari wa kwanza: mjane wa Protais anaomba uchunguzi ufunguliwe tena. Wa pili: bati la mkanda lilitolewa kwa amri, siku tatu kabla ya kifo. Jumapili nilipanda kamio, lori la samaki, mpaka Mutarule, nikamwuliza mtu nyumba ambayo Generose amepewa kulala. Nilimsomea. Hakulia. Aliniuliza, "Ni yote?" Nikamwambia ni yote, na inatosha. Akatia kidole.

Nilipita nyuma ya uzio wa mama yako. Nilimwona anapepeta maharagwe. Sikuingia.

Mtu wa kuulizwa nimeandika wewe. Hakuna mwingine, Damien. Wewe ndiye uliyeona. Watakuita, kwa sababu barua ile itajibiwa, hilo nalijua vizuri. Wakikuita sema kweli. Kazi ya Kalundu utaipoteza, na labda watakufunga kwa ile sahihi. Nami wakitambua mashini iliyoandika, nitaondoka kwenye nyumba hii na watoto. Pétronille nimemwambia. Amesema tutahamia kwa kaka yake Gaspard.

Usiku ule ule nilipata usingizi, mara ya kwanza tangu Juni.

Mjomba wako,
Libérat


Uvira, 5 Desemba 1954

Mujomba,

Jibu lilikuja kwa siku tisa.

Walituita Ijumaa. Bwana Lambrechts alipewa kiti. Generose alisimama karibu na dirisha, mutoto mgongoni, na yule mukubwa amemushika nguo. Alikuwa amevaa kitambaa kipya cha kichwa, sijui alikipata wapi. Aliniona nikiingia, akanichekea. Alifurahi kuniona, mujomba. Alifikiri nimekuja upande wake.

Bwana wa teritwari alisoma barua yako kwa sauti. Haikuchukua hata dakika moja. Alisema, "Hii imeandikwa na muntu anayejua." Akaniuliza kama ni minye. Nilisema hapana. Akauliza ni nani, na mashini hii ya kuandika ni ya biro gani. Nilisema sijui. Alirudia mara mbili, nikasema sijui. Hilo ndilo nililoweza kukufanyia.

Kisha akaweka ile karatasi nyingine mbele yangu.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Na maneno?"

Lambrechts alikuwa anaangalia kucha zake. Nilitaka kusema, mujomba. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia yote, toka Mutarule mpaka Uvira, na yalikuwa machache kama unavyopenda. Nikafikiri mama. Nikafikiri gereza. Nikafikiri zile Ijumaa zote za posta.

"Ni yangu," nilisema. "Protais alilitoa mwenyewe."

Generose hakupiga kelele. Aliniambia tu, kama muntu anayekumbusha mwingine kitu alichosahau: "Damien, weye ulikuwepo. Weye ndiye uliyemubeba Protais."

Bwana wa teritwari alingoja kidogo, akaniangalia, akangoja tena. Halafu akafunga kitabu. Generose alimufunga mutoto vizuri mgongoni, akamuuliza polisi mlango wa kutokea uko wapi. Jana amepanda Rurambo kwa wakwe zake, kwa miguu, na watoto wote wawili.

Minye niko Rugenge, hapa hapa Uvira, nimepata chumba. Kesho naanza kazi saa moja. Mama ameniuliza kama utakuja kwetu Noeli. Nilimuambia mwaka huu uko na kazi nyingi.

Damien Habonimana