Mwanangu Ameweka Majeneza Kwenye Malengo ya Mwaka

Mpendwa mshauri Mama Marieta,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye nimekuzidi basi marahaba, maana gazetini mtu haonekani sura na sitaki tukosane kabla sijasaidiwa. Naomba msaada wako, mimi ni mama wa hapa Maretadu, nimesoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo ukikuta maneno yamepandana uyashushe mwenyewe, na majina naomba uyafiche kwa sababu huku gazeti moja linasomwa na kitongoji kizima kabla halijafungiwa nyama.

Mwanangu Nicodemo ni fundi seremala, ana karakana yake pale njia panda, wala si mvivu, msumeno wake unalia kabla jogoo wetu hajaamua kuwika. Alisoma chuo cha ufundi, na huko mwalimu aliwaambia fundi asiye na malengo ya mwaka ni kibarua mwenye randa, basi maneno hayo yamemkaa kichwani, kila Desemba utamkuta amekaa chai inapoa anapanga mwaka ujao atatengeneza nini na nini. Mimi kama mama nafurahi, wenzake wanapanga kunywa.

Sasa hapa kwetu tuna desturi, jumuiya yetu ndogo ndogo inapokutana mara ya mwisho kabla ya mwaka mpya, kila nyumba inasimama inataja malengo yake, huyu atanunua ng'ombe wa maziwa, yule atapiga bati, halafu mwaka mzima kila Alhamisi mwenyekiti wetu Nikolausi anayaombea na sisi tunaitikia. Basi mwaka jana Nicodemo akasimama, amevaa koti la marehemu baba yake, akataja milango, vitanda, mabenchi ya kanisa, meza ya mwalimu mkuu, na majeneza manne, moja refu, mawili ya kawaida na moja fupi pana. Watu walishaanza kunusa makande jikoni, hakuna aliyeshtuka. Nikolausi akasema tumwombee kijana wetu malengo yake yote yatimie bila kupungua hata moja. Tukaitikia, Ee Bwana twakuomba utusikie. Na aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote ni Mzee Sulle, kwa sababu Nicodemo anamchumbia binti yake Zita, na kila baba anataka mkwe afanikiwe.

Mshauri, usije ukamfikiria vibaya, mwanangu hamtakii mtu kifo. Nilimuuliza, akaniambia, "Mama, viti vya plastiki vimeua stuli zangu. Kabati za zipu za mnadani zimeua kabati zangu. Tangu mipaka ya biashara ifunguliwe kila kitu kinakuja kwenye lori. Kitu pekee ambacho hakijaletwa cha plastiki ni jeneza." Tena anasema mvua ikikata barabara ya Mbulu msiba unakaa ndani unasubiri sanduku, na mbao mbichi zikipigwa haraka haraka zinajikunja, kwa hiyo fundi mwenye akili anaandaa mapema. Nikaona ni kweli. Mimi mwenyewe lile refu nimewekea maharage, panya hawaingii.

Basi tukaenda hivyo tunaomba kila Alhamisi, mpaka katikati ya mwaka Nicodemo akasimama kutoa shukrani. Akasema, "Namshukuru Mungu, milango imekwisha, vitanda vimekwisha, mabenchi yako karibu. Yaliyobaki ni majeneza tu, yote manne yako tayari lakini bado hayajapata watu. Ndugu zangu, tusichoke kuomba."

Mshauri, hata mtoto mmoja aliyekuwa analia akaacha. Halafu jirani yangu Hilda, ambaye hawezi kunyamaza hata kwenye komunyo, akasema, "Hebu ngoja. Lile refu ni la nani?"

Watu wote wakamgeukia Mzee Sulle, ambaye ukimtafuta mnadani unatazama juu.

"Na lile fupi pana?"

Macho yakaenda kwa Hermani mwenye mashine ya kusaga.

"Mnaniangalia nini?" akasema Hermani.

"Hatukuangalii," Hilda akamjibu, "tunakupima."

Tangu siku hiyo hakuna amani. Hermani ameacha mafuta na nyama, anazunguka kilima kila asubuhi na buti za mvua, mke wake analalamika suruali zinamvuka mbele ya wateja. Mzee Sulle anatembea ameinama, akipita karibu na karakana anakunja na magoti kabisa, unamsalimia akiwa kimo cha mwanafunzi. Wa kimo cha kawaida ndio wana shida zaidi kwa sababu hawajui ni nani na nani kati yao, kuna mama mmoja alikuja kupalilia mahindi na viatu vya kisigino. Na Nikolausi siku za Alhamisi akifika kwenye malengo ya mwanangu anakohoa, anaruka anaenda kwenye ng'ombe wa jirani.

Nikaona mimi kama mama nitengeneze mambo. Zita alishaniambia kwamba baba yake miguu inatokeza nje ya kitanda na ndama anailamba, basi nikamwambia Nicodemo, mtengenezee mzee kitanda kirefu kiwe zawadi, ila asijue, iwe ghafla ndiyo afurahi. Nikamwambia nenda mchana, huwa analala kwenye ngozi nyuma ya zizi, mpime polepole. Nicodemo akaenda na futi kamba na penseli sikioni, akaanzia kichwani akashuka nayo vizuri, alipofika kwenye kisigino mzee akafumbua macho.

"Bado napumua!" mzee akapiga kelele.

"Shikamoo mzee," Nicodemo akasema, maana nimemlea vizuri.

"Marahaba ya nini! Unasubiri nini, nikate roho ndiyo uandike?"

"Hapana mzee. Ni zawadi."

Mshauri, hilo neno ndilo lililoharibu kabisa.

Sasa uchumba umesimama. Mzee Sulle ametuma neno kwamba Nicodemo asimame mbele ya jumuiya aape hatatengeneza tena sanduku la mtu, la sivyo Zita hatoki pale nyumbani. Nicodemo naye anasema hawezi kuapa uongo mbele ya Mungu, kwani akiacha masanduku karakana itafungwa, na karakana ikifungwa atamlisha Zita nini, vumbi la randa? Zita amekasirika na wote, mimi, baba yake na Nicodemo, anapita hapa ananisalimia kwa mbali kama mgeni. Na kibaya zaidi, mwaka huu wote kitongojini kwetu hajafa mtu hata mmoja, namshukuru Mungu usiku na mchana, lakini mwanangu anahesabu hapo lengo halikutimia! Anasema kwenye mkutano huu unaokuja atatangaza kwamba yale manne anayahamishia mwaka ujao, na anaongeza mawili.

Nifanye nini mama? Niyapasue kuni? Nimwambie siku hiyo aumwe? Mwanangu nampenda, na Zita nimeshamzoea kama wa kumzaa, anajua mpaka chumvi ninayoitaka, na kijana anayeongea na mbao nitamtolea wapi msichana mwingine wa kumvumilia? Nijibu haraka, mkutano uko karibu, na maharage sijui niyahamishie wapi.

Ni mimi mama mwenye moyo juu juu,
Maretadu.

*

Mama wa Maretadu,

Marahaba, nadhani mimi ndiye mkubwa. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba. Vimo vyao vimenishinda.

Pole sana. Mwanao anatishiwa kumkosa msichana mzuri na wewe unatishiwa kumkosa mkwe, si jambo dogo, na nimecheka kwa aibu. Lakini nikianza na wewe utanisamehe. Mtu aliyelala hapimwi! Fundi cherehani hampimi mtu aliyelala, muuza viatu hampimi mtu aliyelala, wewe ulipata wapi wazo hili? Umemtuma kijana ambaye kitongoji kizima kinamwogopa, na futi kamba mkononi, ainame juu ya mzee anayesinzia. Ulitaka kumfurahisha kwa ghafla. Mzee wa umri ule hafurahishwi kwa ghafla mama, anafurahishwa kwa kuulizwa.

Na hiyo jumuiya yenu isijifanye imeonewa. Walitajiwa majeneza na vipimo vyake juu, wakaitikia huku akili iko kwenye makande. Mtu aliyejiombea sanduku kwa sauti yake mwenyewe, miezi sita mfululizo, asimlaumu seremala. Hermani tu ndiye mwache aendelee na kilima chake, hiyo ni afya.

Sasa kijana. Kuandaa si kosa, na mtu yeyote aliyewahi kukaa na maiti ndani akisubiri gari la Mbulu atamtetea. Kosa lake ni kuchanganya kuandaa na kutamani. Nina hakika huko kwenu kuna sepetu na majembe ya makaburini yamewekwa mahali, yamenolewa, kila mtu anajua yalipo. Umewahi kusikia mtu akisimama kuyaombea yapate kazi? Lengo la fundi ni la mikono yake, haliingii kwenye miguu ya wateja, kwamba waje au wasije, na wateja wa bidhaa hii ndio kabisa. Mwambie mwaka usiokuwa na msiba haujashindwa. Mwambie mara ya pili, maana waliosoma chuo husikia mara ya pili.

Yale manne yafungueni leo. Misumari itolewe, mbao zilazwe darini zikiwa zimepigwa randa, bila urefu wa mtu. Ubao uliolala darini hauna jina. Msiba ukija, Mungu apishe mbali, fundi mzuri mwenye mbao kavu ataunga sanduku kabla wachimbaji hawajamaliza kazi yao. Kwenye mkutano asitaje, asihamishe kitu, asiongeze mawili. Akiulizwa, aseme ukweli wote kwa sentensi moja: mbao ninazo, na mkiwa na shida mnajua nilipo. Hapo hajadanganya mtu wala Mungu. Kiapo asiape, kwa sababu siku moja watu wa nyumba ile ile ya Mzee Sulle watamkimbilia yeye, na mzee anajua, ndiyo maana ana hasira. Maharage tia kwenye pipa na ufuge paka. Na mbao za lile refu zisije zikageuka kitanda cha mzee. Najua umeshawaza. Acha.

Kisha aweke malengo ya mtu aliye hai. Plastiki imemshinda kwenye stuli kwa sababu amepigana nayo palepale ilipo na nguvu. Vitanda vinavyokuja na lori vimepimwa kwa watu wa mahali pengine, na wewe mwenyewe umenieleza kwamba huko kwenu miguu inatokeza. Sasa hilo si soko? Vitanda virefu, vilivyoagizwa, mwenye kitanda amesimama wima na ameshika ncha ya futi kamba kwa mkono wake mwenyewe. Aongeze mizinga ya nyuki, ambayo haitoki dukani, na milango ya mazizi, ambayo fisi huikagua bila kuombwa. Mwaka unajaa hapo.

Lakini yote hayo hayaanzi kwenye jumuiya. Yanaanza kwa Mzee Sulle, kabla ya mkutano. Uende wewe, asubuhi, na mtu mzima mmoja wa ukoo wenu, Nicodemo nyuma yenu, mikono mitupu, hata penseli aiache nyumbani. Wewe ndiye uombe radhi, kwa kuwa wewe ndiye uliyemtuma. Sema, "Mzee, nilikosea kukupima umelala." Ishia hapo. Neno zawadi lisitoke kinywani mwa mtu yeyote. Zita msimtaje kabisa, hata akileta chai, na chai yake mkiipata mshukuruni kama kawaida.

Halafu Nicodemo amtajie mzee malengo yake yote ya mwaka, ayasikie yeye kwanza, amekaa kwenye kiti chake, kabla hayajafika kwa Hilda. Amalize kwa kuuliza, "Mzee, unaona nimesahau nini?" Kisha anyamaze, na wewe unyamaze, najua itakuwia vigumu, shika kitenge chako kwa meno.

Mzee atalalamika kwanza. Atasema vijana wa siku hizi hawana adabu, mwache. Atasema mbao za siku hizi si mbao, mwache pia. Baada ya hapo ataanza kutaja: mlango wa zizi unaning'inia, stuli ya kukamulia ina mguu mbovu, dirisha la huko nyuma halifungi tangu mkoa huu haujawa mkoa. Kwa kila kimoja Nicodemo aseme "Ndiyo mzee," asibishane, asikadirie bei, na kesho yake alfajiri awe kwenye mlango wa zizi.

Baba anayekuagiza kazi bado hajakukataa. Nendeni.