Kikombe cha Mama kwa Mgeni Asiyetupenda

Hyattsville, Maryland,
Marekani.
Jumatatu, 16 Februari 2026

Mpendwa mdogo wangu Layla,

Assalamu alaykum. Hujambo wewe, hajambo shemeji Fawaz, hawajambo watoto? Na kifua chako je? Mara ya mwisho kwenye simu ulikuwa ukikohoa kama mashine ya kusaga mahindi, ukaniambia eti ni baridi tu. Baridi ya Uingereza naijua, ilinionja juma moja nikaugua mwezi. Kunywa tangawizi, vaa soksi, usijifanye Mwingereza kuliko Waingereza wenyewe.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Goti langu la kushoto linatabiri theluji vizuri kuliko televisheni. Leo ni sikukuu ya marais wao na mimi nimepata mapumziko, kwa hiyo wale wazee ninaowatunza watatafuta mtu mwingine wa kuwaosha na kugombana nao. Nimechemsha chai, nimezima simu, nimekaa.

Najua utashangaa kupokea karatasi. Nimeona maneno haya nisiyapitishe kwenye simu. Kwenye simu neno halikai. Hujalimaliza, limesharushwa Mombasa, Dubai na Toronto, tena likiwa limekatwa kichwa na miguu. Wewe mwenyewe limekukuta.

Kwanza nitoe amana ya watu. Jumamosi tulikuwa Germantown kwa kaka Mbarak, tumevunja jungu kama kila mwaka Ramadhani ikikaribia. Tulipomaliza kula, kaka alisema tuna kikao. Uamuzi ni huu, naufikisha kama nilivyotumwa: ujitoe kwenye uchaguzi wa udiwani wa mwezi wa tano, uwaombe radhi watu wa msikiti wenu, na mpaka utakapofanya hivyo usije kwenye harusi ya mwanawe Fahmi mwezi wa sita. Nimechaguliwa mimi kuandika kwa sababu nilikubeba mgongoni na wanadhani bado unanisikia. Mjumbe hauawi. Nimefikisha.

Sasa tuzungumze mimi na wewe.

Habari za mkutano wako nilizipata kwa Bilha, Mkenya mwenzetu wa bara ninayefanya naye kazi. Tulikuwa tunakula, akaniita jina, akaninyooshea simu. "Time, si huyu ni sista yako? Cheki venye anagonga meza, aki!" Ni kipande cha video kilichozunguka kwenye kundi la kanisa lao: wewe na ushungi wako wa zambarau, umekasirika, unapiga meza, na mbele yako kaketi Mzungu mnene kajikunyata. Maandishi chini yanasema mwanamke Mwislamu amfokea Mwingereza katika nchi yake. Nikarudi nyumbani, nikafungua kundi la ukoo, nikakuta kipande kingine cha mkutano ule ule. Humo unammiminia kahawa Mzungu yule yule, unacheka, na maandishi yanasema diwani awauza ndugu zake. Kwa hao wewe ni mkali wa dini, kwa hawa ni msaliti, na ushungi ni ule ule mmoja!

Sijamaliza kushangaa, Mbarak alikuwa ameshakutoa kwenye kundi. Hukuulizwa hata jambo. Basi nikaitafuta rekodi nzima aliyoiweka yule mtunza ukumbi wenu, nikaitazama mwanzo hadi mwisho, nikisimamisha na kurudisha pale Kiingereza chenu cha kaskazini kiliponishinda.

Layla, niseme bila kuzunguka: nimejivunia wewe mpaka machozi yamenitoka.

Nimeelewa sasa. Huyo Bwana Ryan ndiye aliyekuwa akigawa vipeperushi mtaani kwenu kwamba wageni hawataki kuchanganyika, warudi walikotoka. Watu wako walikutaka umfungie ukumbi, nawe diwani ungeweza kupiga simu moja tu. Ukakataa. Ulisema akifungiwa mlango ataenda kuyasema gizani, na gizani hakuna wa kumjibu. Kisha ukamwalika, ukamwekea kiti cha mbele, ukamtolea kahawa kwenye vikombe vya marehemu mama.

Hapo ndipo nilipomwona baba. Unakumbuka nyumba ya Kibokoni? Yule jirani tuliyeshtakiana naye kwa ajili ya ukuta, kila akija kugombana baba alikuwa anamtolea kahawa kwanza. Mama ananuna jikoni, dele la kahawa linatoka. Jirani anakunywa, anasema yake yote, ndipo baba anamjibu, na akijibu utatamani ukuta ukuangukie. Wengine tulirithi pua ya baba. Wewe umerithi hilo.

Ryan akasimama akasema anajiona mgeni katika mtaa aliozaliwa, kwamba sisi tunaishi peke yetu na hatumsalimu. Vijana wakaanza kuzomea. Na hapo, kumbe, ndipo ulipopiga meza! Uliwapigia vijana wetu: "Nimemwalika mimi. Anayetaka kumzomea anizomee mimi." Maskini kanisa la kina Bilha, hawakujua meza ilipigwa kwa kumtetea Mwingereza wao. Nilipomwonyesha Bilha rekodi nzima alijishika mdomo. "Sasa hii si ni uongo walituletea? Huyu mama ako na roho ngumu."

Kisha ukamjibu. Ulimwambia kweli ipo katika maneno yake, kwamba wako wanaume kwetu wanaowazuia wake zao wasiende darasa la Kiingereza, na sisi tunajua na tumenyamaza. Niliona watu wakiinuka kutoka. Najua ndilo lililowachoma, wanasema umewavua nguo mbele ya adui. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi mwenyewe nina wenzangu hapa Hyattsville ambao hawawezi kumweleza daktari wanapoumwa mpaka mume atoke kazini.

Halafu ukamgeukia. "Bwana Ryan, mimi nakaa nyumba ya tatu kutoka kwako, mwaka wa kumi na nane huu. Umewahi kunigongea mlango?" Akasema hapana. "Na mimi sijakugongea. Tumekoseana wote wawili." Yule mtu akainua kikombe akanywa. Ukacheka, ukamwongezea kahawa. Hicho ndicho kipande kilichoitwa usaliti.

Na Khalfan. Nimemtambua, ni yule mtoto wa jirani yako aliyekuwa akija kwako kula chapati. Aliposimama na kusema mtu kama huyu dawa yake ni kisu, na meza ikasukumwa na kikombe kikaanguka kikavunjika, mimi huku niliomba dua kwa sauti. Wewe hukupaza hata sauti. Ulimwambia matusi umeyavumilia, hasira umeivumilia, lakini hilo la kisu utalipeleka polisi, kama ulivyompeleka mwaka jana yule wa upande wa Ryan aliyeandika kuwa nyumba yako ichomwe watoto wakiwa ndani. Mizani moja. Mwaka jana msikiti mzima ulikupongeza. Mwaka huu mizani ile ile imemwangukia mtoto wao, imekuwa dhambi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu.

Usidhani nakubali kila kitu. Nina mzee mmoja kazini ambaye kila asubuhi, wakati namsugua mgongo, ananiambia nirudi Afrika. Mimi humjibu, "Nikirudi leo, mgongo wako atausugua nani?" na wauguzi hucheka. Lakini kwenye basi huwa nalitafuna neno lile mpaka kituo cha nyumbani. Kwa hiyo asije mtu akaniambia maneno ni upepo. Watoto wako wamesoma vile vipeperushi. Wao nao wakalishe chini uwasikilize, si Ryan peke yake.

Tena ninaogopa. Wewe uko katikati, na moto unatoka pande mbili. Fawaz akuwekee taa mlangoni, na usitembee peke yako ukitoka vikaoni. Hilo ni agizo, si ushauri.

Sasa kikao chetu cha Germantown. Unajua kaka alianza na nini? Hakuanza na msikiti wala siasa. Alianza na vikombe. "Vikombe vya mama, Time! Anampa mtu anayetaka kutu-deport sote! Ame-embarrass ukoo mzima." Mimi nilimwonea huruma, maana najua mama alivyovifunga kwa kanga alipotugawia. Fahmi akasema, "Dad, that's not even the full video." Akaambiwa anyamaze, watu wazima wanazungumza. Mtoto ana umri wa kuoa lakini hana umri wa kusema!

Nikaomba neno. Kaka akasema kikao kimeshafungwa. Hapo, mdogo wangu, lile goti langu likanipandisha lenyewe.

Nikasema, "Kaka, mtu anayetaka kutufukuza alipewa kiti na kahawa, akasikilizwa mpaka akamaliza. Layla ndugu yako wa tumbo moja alipewa nini? Ulimtoa kwenye kundi kabla hajasema hata salamu."

Wifi aliendelea kukata halua, akakata mpaka ikawa vipande vya kulisha ndege. Mwishowe Mbarak akasema, "Andika tu, Time. Andika vile tulivyoamua." Lakini nilipokuwa navaa viatu mlangoni alinifuata, akauliza polepole, "Kilichovunjika ni kipi, chenye mstari wa dhahabu?" Nikamwambia ndicho. Akarudi ndani bila kuniaga.

Basi haya ndiyo yangu, na hayakupitishwa na kikao chochote. Usijitoe. Ukishindwa, ushindwe kwa kura, watu wa mtaa wako wakiwa wamekutazama usoni, si kwa vipande vya video na kwa hasira za ndugu walio ng'ambo ya bahari. Radhi usiombe kwa jambo la Khalfan. Lakini nenda kwa mama yake. Usiende kama diwani, nenda kama jirani, mpikie kitu cha futari Ramadhani ikiingia, ukae naye hata kama hasemi. Mwanawe ameitwa polisi, na yeye usingizi hana. Akikufungia mlango, rudi kesho.

Na harusini njoo. Nitakuja kukupokea uwanja wa Dulles mimi mwenyewe, utalala kwangu, na siku ya siku tutaingia kwa Mbarak mkono kwa mkono, tumejifukiza udi. Wakisema hakuna kiti chako, mimi nitasimama, ukae changu. Goti litavumilia.

Msalimie sana shemeji Fawaz, mwambie namshukuru kwa kukaa mstari wa mbele siku ile. Msalimie mama mkwe wako Bi Mwanakombo, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Wifi anakusalimu kwa siri. Bilha anakusalimu waziwazi, anasema angekuwa huko angekupigia kura mara mbili, nami nimemwambia hiyo ndiyo tunayoita jela.

Mungu akulinde mbele na nyuma, akufungulie Ramadhani kwa heri, aulainishe ulimi wako pasipo kuufunga.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba na ambaye leo najiona nimebebwa nawe,
Time

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaibandika barua stempu, Fahmi akabisha hodi. Ametumwa na baba yake alete kijifurushi niambatanishe. Ni kikombe cha mama, kimoja katika viwili alivyokuwa amebakiwa navyo, kimeviringishwa kwenye soksi mpya. Nimegeuza soksi ndani nje, hakuna neno lililoandikwa. Nikamuuliza Fahmi baba amesemaje. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kusukuma, "Amesema, mgeni hawezi kunywa kwa mkono."