Mwalimu Mkuu Alivyopimwa Tumbo

Mwenzangu, shemeji yako leo kaponea chupuchupu kufukuzwa kazi.

Si unajua mwalimu mkuu alishamwonya kwamba hisabati si mchezo? Sikio la kufa. Leo kawapa watoto wa darasa la pili nyuzi, wakatafute kitu kinene kuliko ndoo ya darasani.

Wakamkuta mwalimu mkuu kasinzia ofisini. Wakamzungushia uzi tumboni. Tumboni, nakwambia.

Akazinduka. "Mnafanya nini?"

Kabinti kamoja, bila hata kupepesa jicho, kakamjibu, "Tunakupima, mwalimu. Umeishinda ndoo."

Shemeji yako kasimama mlangoni, jasho linamtoka, anajiona kesho anashinda nyumbani na mimi.

Mzee kauangalia ule uzi weee. Kisha akainuka, akavuta tumbo ndani.

"Pimeni tena. Mtu hapimwi amekaa."