Pete Ndani ya Buti

Kambini, 4 Februari

Mume wangu, ua la roho yangu,

Salamu zangu ni nyingi kuliko vumbi la uwanja wetu wa gwaride. Mimi mzima, ila buti zinanila. Wewe je? Unakula vizuri, au unashindia chai hapo karakanani? Na Mama, mgongo wake unaendeleaje?

Simu zetu zilikusanywa getini siku tuliyoripoti, ndiyo maana naandika. Nafurahi hata hivyo, kwa sababu kwenye karatasi naweza kukuita mume wangu mara nyingi kadiri nipendavyo bila salio kuisha. Mume wangu. Mume wangu. Wasichana wa bwenini wameshanipa jina la Bibi Harusi kwa jinsi ninavyokutaja.

Hapa kila kuruta ana pacha. Koplo wetu, mama mfupi mwenye sauti ya king'ora, alitupanga mwenyewe. "Pacha wako akichelewa, umechelewa wewe," alisema. "Akianguka, umeanguka wewe." Mimi alinipa msichana mrefu sana tunayemwita Twiga. Zoezi letu kubwa ni kubeba gogo begani, wanane kwa pamoja, hatua moja. Mimi na Twiga tuko mwisho, yeye nyuma yangu. Kwa ufupi wangu huu gogo lingenipita juu ya kichwa, kwa hiyo Twiga hutembea amekunja magoti ili nami nilifikie. Nikimwomba radhi ananijibu, "Usijali, magoti yakiisha utanifulia." Anataka kuwa dereva wa malori, na hapa ndipo wanapofundisha bure. Aliomba nafasi na kukataliwa, akaomba tena, mpaka akaipata.

Sasa nikupe siri. Koplo aliamuru tuvue vito vyote vifungiwe kabatini. Hereni nilizitoa. Pete yako sikuitoa. Uliichonga mwenyewe kutoka kwenye nati, ukaniambia nisiivue, nami nilikuahidi. Nimeivaa kidole cha mguu, ndani ya soksi. Kila nikikanyaga nakusikia, mpenzi. Wenzangu wanatembea na buti, mimi natembea na wewe.

Mkeo wa moyoni


Nyumbani, 11 Februari

Mke wangu mtamu,

Barua yako imenikuta mzima, mweusi kwa masizi kama ulivyoniacha. Mama ameanza kuinuka mwenyewe, na anauliza kama huko mnalala mmeshiba.

Nimewasomea wenzangu karakanani pale penye habari ya pete. Bosi, ambaye hujawahi kumwona akicheka, aliweka nyundo chini. "Kidole cha mguu? Huyo ndiye mke. Wangu ya kwake aliisahau kwenye sahani ya sabuni." Tangu hapo naitwa Bwana Kidole, na wateja nao wameshalidaka. Nimejisikia mrefu kuliko huyo Twiga wenu.

Usiivue, mpenzi, hata wakikuning'iniza miguu juu.

Mumeo anayekuota


Kambini, 19 Februari

Mume wangu,

Natumaini wewe na Mama hamjambo. Mimi sijambo, na kuliandika neno hilo kunaniumiza.

Kidole kilivimba. Pete ikazama kwenye nyama. Nilijaribu sabuni, nikajaribu mafuta, haikusogea. Zahanati sikwenda, maana wangeniuliza. Twiga aliniona nikichechemea.

"Bibi Harusi, una nini?"

"Malengelenge tu."

"Basi leo gogo niegemezee mimi."

Kwenye mteremko kidole kiliniwaka kama moto wa mashine yako ya kuchomelea, nikakatisha hatua. Wa mbele walikuwa wanaendelea. Mwisho wa gogo ukamwangukia Twiga mzima mzima, naye amekunja magoti kwa ajili yangu. Mfupa wa bega umevunjika. Niliusikia.

Koplo akauliza, "Nani amekatisha hatua?" Nilifungua mdomo, mume wangu, kweli niliufungua. Nikajiona navuliwa buti mbele ya kikosi kizima. Nikajiona narudishwa kwako kama furushi lililokataliwa, na maturubai ya harusi yetu hata hayajasahaulika mtaani. Twiga akasema kutoka pale chini, "Mimi, afande. Niliteleza."

Hapa aliyeumia bila kosa hutibiwa na kusubiriwa. Aliyeumia kwa uzembe wake hurudishwa kwao, na haruhusiwi kuomba tena. Twiga ataondoka na lori la chakula likija mwanzoni mwa Machi. Jana nilimpelekea uji. Hakuniuliza chochote. Aliniomba tu nimsuke, kwa kuwa mkono haunyanyuki. Nilimsuka vibaya, mistari ikapinda, naye akanishukuru.

Niambie ninyamaze. Wewe ni mume wangu, ukisema nitakutii, na jambo hili halitakuwa langu peke yangu.

Mkeo


Nyumbani, 23 Februari

Mke wangu,

Sisi wazima. Mama anakusalimu. Hajui kitu.

Barua yako niliisoma nikiwa na miwani ya kuchomelea usoni, wenzangu wasinione macho. Bosi akauliza, "Bwana Kidole, leo hutusomei?" Nikamwambia barua haijafika. Nimeikana barua ya mke wangu nikiwa nimeishika mkononi.

Nami nina la kukwambia. Upande wa ndani wa ile pete sikuulainisha ipasavyo. Harusi ilikuwa imekaribia, nikajisemea hakuna atakayeona. Halafu nikajigamba kwa watu kwa jambo lililokuwa linakula nyama yako. Mimi ndiye niliyekuandikia usiivue.

Umenitaka nikuambie unyamaze. Siwezi. Wakikufukuza, nitakuja kukupokea kituoni mchana, mbele ya watu wote, na furushi nitalibeba mimi. Ukibaki huko kwa bega la Twiga, siku ukirudi nitakupokea vilevile. Ila sitajua nikutazame wapi, na wewe hutajua unitazame wapi.

Mumeo


Kambini, 5 Machi

Mume wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Kidole kinapona. Nakujibu kwa kuchelewa kwa sababu barua yako nilikaa nayo kwanza, nikitafuta mahali uliponiruhusu. Sikupaona.

Lori lilikuja tarehe mosi asubuhi, tukiwa kwenye gwaride. Twiga alikuwa ameshapakiwa begi, mkono umefungwa kifuani. Nilikaa chini kwenye vumbi nikaanza kufungua kamba za buti.

"Bibi Harusi, simama," akasema koplo.

Sikusimama. Nilivua buti, nikavua soksi. Kidole kilikuwa cheusi. Nikasema, "Aliyekatisha hatua ni mimi, afande. Kwa sababu ya hii." Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Koplo alinitazama, akamgeukia dereva. "Teremsha begi lake." Kisha akaniambia, "Wewe, zahanati. Umefungua buti ukiwa umechelewa sana." Pete ilikatwa kwa msumeno wa chuma. Sikufukuzwa, kwa kuwa nilijitaja mwenyewe. Nitaanza mafunzo upya na kundi lijalo, wenzangu watakapokuwa wanahitimu.

Wale wa gogo letu wakiniona nakuja mezani husogeza vikombe. Sijawalaumu. Nilikwenda kwa Twiga. Aliniambia, "Nilijua ni wewe. Nilikuwa nyuma yako, nilihisi hatua ikikatika. Sikujua tu sababu. Nilidhani una ugonjwa unaouficha, au mimba, kwa vile ni mke mpya. Nikaona nibebe mimi."

Nikaanza kumnyooshea shuka.

"Kumbe pete," akasema, akageukia ukutani.

Maneno hayo mawili nafagia nayo, nala nayo. Nilikuandikia kwamba wenzangu wanatembea na buti na mimi natembea na wewe. Nilipaswa kutembea na yeye.

Hajasema nami tena. Lakini leo asubuhi nilikuta kitandani kwangu ameacha nguo zake chafu, zimekunjwa vizuri, na kipande cha sabuni juu yake. Nimezifua mpaka maji yakawa meupe.

Ndani ya bahasha kuna vipande viwili vya pete. Wasomee wenzako barua hii yote, pamoja na Bosi. Kisha pete iunge, ulainishe ndani. Ila pale utakapopaunga, kwa nje, usipasugue. Nataka paonekane.

Mke wako