Ugonjwa Usiotajwa Kiwandani

Igoma, Mwanza
Jumamosi mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Baba naye shikamoo yake imo humu, msomee taratibu. Pumu yake inaendeleaje? Mguu wako je, na kahawa mmeshaanika? Mimi ni mzima wa kuweza kuandika, ingawa naandika nimekaa kitandani. Sikupiga simu kwa sababu haya ninayotaka kukwambia watu hapa hawayasemi kwenye simu. Wanasema maneno yanasikilizwa, na anayezungumza sana kuhusu ugonjwa anaweza kufuatwa. Kama ni kweli sijui. Naogopa tu, kama wenzangu.

Uliuliza kama nitakuja Muleba kwenye harusi ya mdogo wangu Edina. Siji, Mama. Nikueleze kwa nini.

Kazi yangu pale Nyakato unaijua, kuchuna sangara minofu ya kupelekwa Ulaya. Ndege zilipoacha kuja, kiwanda kilijaa samaki wasio na pa kwenda, na wavuvi wakafunga mitumbwi. Bei ikaanguka mpaka sisi tuliozoea kununua mapanki, yale mabaki ya kichwa na mifupa, tukala mnofu wiki nzima. Watu wakacheka, wakasema corona imetuletea neema. Kisha nusu ya wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe, na kicheko kikaisha.

Mimi nilibaki. Mwanzoni getini palikuwa na ndoo za maji na sabuni, mlinzi akitupima joto, na meza zilitenganishwa. Halafu ikatangazwa kwamba ugonjwa umekwisha nchini. Umekwishaje, hakuna aliyetueleza, na habari za wagonjwa hatukuzisikia tena. Ndoo zikakauka. Meza zikarudishwa pamoja. Nilipouliza, msimamizi wetu akasema, "Adventina, usiwatie wenzako hofu. Hofu ndiyo inayoua."

Sisemi maombi ni mabaya, wala nyungu. Hata mimi nimejifukiza. Lakini wakubwa wakishaamua kwamba ugonjwa haupo, mgonjwa naye inabidi ajifiche. Ukikohoa unaondolewa kazini kwa ugonjwa ambao wao wenyewe wanasema haupo. Siasa sijaisoma, ila hilo nimeliona kwa macho yangu.

Nilikuwa nasimama meza moja na mama wa Kisukuma kutoka Magu, tunamwita Mama Kulwa. Jumatatu moja alianza kukohoa. Alikuwa akisubiri bomba lifunguliwe, ndipo akohoe ndani ya kiwiko ili asisikike. Akaniangalia.

"Ni vumbi tu," akasema.

Kiwanda cha samaki hakina vumbi, Mama. Kimelowa kutwa nzima. Nilijua, nikanyamaza. Niliogopa asije akaondolewa, na niliogopa zaidi wasije wakaniuliza na mimi najisikiaje.

Alhamisi akaanguka palepale. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Mume wake, Mzee Bundala, alizunguka mji mzima akitafuta mtungi wa oksijeni, na alipopata mtu wa kumsaidia, mkewe alikuwa ameshakata roho. Kwenye karatasi wakaandika nimonia. Msibani tulikaa tumebanana chini ya turubai, na bwana mmoja aliyesimama kutoa rambirambi akatuonya tusieneze uvumi.

Siku hiyohiyo Mzee Bundala alinifuata. "Wewe ulikuwa naye meza moja. Alianza kuumwa lini?"

"Sijui, baba," nikasema.

Nilimdanganya mtu aliyefiwa. Baada ya siku tatu nikarudi kwake. Nilimkuta uani anafua nguo za watoto. Nikasimama mbali kidogo, nikamwambia, "Nilikudanganya. Alikohoa tangu Jumatatu, na mimi nilimsikia."

Aliendelea kufua mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Ilikuwa tangu Jumapili. Alikohoa humu ndani mpaka watoto wakahama chumba. Mimi ndiye niliyemwambia avae aende kazini, jina lake lisije likakatwa."

Nilimsaidia kuanika, nikaondoka.

Jana asubuhi nikiwa kazini niliona kitu kinanipungukia, nisijue ni nini. Nikamsogeza sangara karibu na uso. Hakuna harufu. Nikanusa glavu, nikanusa sabuni ya kunawia. Hakuna kitu. Nilitaka kunyamaza, Mama, Mungu ananiona. Lakini nilimfuata msimamizi, nikasema kwa sauti ili wenzangu wasikie, "Naumwa. Sisikii harufu."

Akanijibu polepole, "Nenda nyumbani kwanza. Na huko nje hayo maneno usiyaseme."

Nikavua aproni. Mwanamke wa meza ya pili akaweka kisu chini, akasema, "Na mimi." Tulipofika getini tulikuwa wanne.

Sasa nimejifungia chumbani. Mama mwenye nyumba nilimweleza kupitia dirishani. Akasema, "Ungenificha ningekuchukia." Uji ananiwekea mlangoni, anagonga, anarudi nyuma. Homa ipo, na nikisimama kifua kinabana. Kama kazi bado ninayo, sijui. Naogopa, sikufichi. Kila pumzi naisikiliza kama si yangu.

Harusi ya Edina msiivunje kwa ajili yangu, ila wageni wanaotoka mjini wasikae karibu na baba. Akianza kuhema vibaya msisubiri asubuhi wala kikao cha ukoo, mpelekeni, na mseme wazi anaumwa nini. Nami nikikaa kimya siku nyingi, baba asifunge safari kunifuata. Ampigie mama mwenye nyumba, namba yake unayo.

Mpe pole bibi harusi wetu, najua atanuna. Msalimie shangazi, mwambie mwaka huu fungu langu la senene wa kukaanga alile yeye. Msalimie kaka anayeuza ndizi sokoni, na katekista wa kigango chetu, umwombe ibada azifanyie nje, kwenye hewa.

Barua hii mama mwenye nyumba ataipeleka stendi, na kondakta wa basi nimemwomba kwa simu aianike juani kabla ya kukukabidhi. Alinicheka, lakini alikubali. Wewe usinicheke.

Ni mimi mwanao wa kwanza, ninayekuogopea kuliko ninavyojiogopea,

Adventina